Nilitumwa Kukataa

Ijumaa, 3 Oktoba

Daftari hili nimepewa jana na katibu wa tawi letu la chama, pamoja na kalamu mbili, ili niandike kila kitakachosemwa kwenye mkutano mkuu. Mkutano wenyewe ni mwezi ujao. Lakini mimi ni fundi saa, na siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu zao, kwa hiyo muda wa kuandika ninao tele.

Nianze na nilivyochaguliwa. Tawi letu halina masanduku wala karatasi za kura. Wagombea husimama mbele wakiutazama ukuta, na kila mwanachama huenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka. Ni marufuku kugeuka mpaka katibu amalize kuhesabu, usije ukamkumbuka mtu kwa ubaya. Basi nilisimama nikitazama rangi inayobanduka na kusikiliza viatu. Vingi vilikuja upande wangu. Nilipata arobaini na mmoja, mwenzangu kumi na sita. Sitaki kudanganya, kichwa kilivimba kidogo.

Nimetumwa neno moja tu: hapana. Makao makuu wanataka kubadili kifungu cha katiba ya chama, ili mgombea udiwani asichaguliwe tena na matawi bali ateuliwe na kamati ya juu. Diwani tuliye naye tunamwita Kesho, kwa kuwa ukimpelekea shida yoyote hilo ndilo jibu lake. Kamati ya juu inampenda. Sisi tunamtaka muuguzi wa zahanati, mdogo wake mke wangu, aliyewasumbua wakubwa mpaka zahanati ikaletewa maji baada ya miaka sita. Kifungu kikipita, jina lake halitafika popote.

Wapo walionong'ona kwamba namtetea shemeji yangu. Nikawajibu kwamba tawi limeshaamua, mimi ni mdomo tu.

Mke wangu hana chama. Nilipomwambia nimechaguliwa alisema, "Hongera, mheshimiwa. Takataka bado ziko mlangoni."

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza. Wateja wawili, na mmoja wao alikuwa anauliza njia.

Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji alikuja kula mchana. Tulitaniana kama kawaida yetu. Aliniambia nikipewa nafasi ya kusema nisianze na historia ya saa tangu enzi za kivuli cha jua, maana wajumbe watalala. Nikamwambia wakilala ndiyo vizuri, yeye atawapima mapigo ya moyo.

Alipokuwa anafunga mwavuli mlangoni utani ulimtoka. Akasema, "Shemeji, mle ndani mimi sina mtu mwingine ila wewe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu neno hilo kwa urahisi namna ile.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Paa la kibanda linavuja juu ya droo ya vipuri. Nimehamisha droo.

Jumanne, 21 Oktoba

Kesho alikuja leo. Mke wangu kacheka mpaka kashika mbavu nilipomwambia hivyo.

Alileta saa ya mkono, ya zamani, nzuri kweli, imesimama. Nilimfungulia pale pale. Ilikuwa na uchafu tu kwenye gurudumu la nne. Alikaa kwenye kigoda changu akitazama mikono yangu, na hakutaja mkutano hata mara moja. Alisema watu wenye umakini kama wangu wanahitajika huko juu, chama kimejaa wapiga kelele. Kisha akaivaa saa, akaisikiliza, akanishika bega, akaenda zake.

Najua alikuwa ananipaka mafuta. Najua pia kwamba nilifurahi. Naandika yote mawili kwa sababu daftari ni langu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kikao cha kuniaga. Mwenyekiti wetu, yule mwenye mashine ya kusaga, alinisimamisha mbele ya watu nikarudia nilichotumwa. Nikasema: hapana. Akasema sauti haijatoka. Nikarudia kwa nguvu, watu wakacheka. Mama muuza mkaa, ambaye hacheki ovyo, akasema huko hakuna kucheka. Alisema hivyo bila kunitazama, huku akikung'uta vumbi kwenye vidole.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimefika. Safari ilikuwa ndefu na mvua ilitufuata njia nzima. Tumelazwa kwenye bweni la chuo, wawili wawili, kwenye vitanda vya chuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wafupi.

Mwenzangu ni mfuga nyuki, mjumbe wa tawi la mbali sana. Mtu mpole, ana alama ndogo ndogo mikononi. Nilimuuliza tawi lake limemtuma nini. Akaangalia mlango kwanza, akasema, "Hapana." Nikamwambia, "Na mimi hapana." Tukashikana mikono kama ndugu waliopotezana. Nimejisikia mwepesi. Kumbe tuko wengi.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya kwanza. Ukumbi mkubwa, viti vya plastiki, wajumbe kama mia sita. Kila mmoja kapewa kadi ya njano ya kupigia kura. Katiba inataka hivyo: kubadili kifungu, kadi ziinuliwe, zihesabiwe.

Leo hakukuwa na kura. Kulikuwa na makofi. Tuliwapigia makofi wageni, wazee, vijana, waliopika chai, fundi wa vipaza sauti, na mtu mmoja aliyekuwa anapita jukwaani kutafuta koti lake. Niliamua kuhesabu, nikaishia sitini na nne. Mikono yangu imewaka moto. Mfuga nyuki anasema nyuki wake wana kelele kidogo kuliko hizi.

Ukutani juu ya jukwaa kuna saa kubwa. Mshale wa sekunde unatetemeka mahali pamoja, kwenye nane, unataka kwenda na hauendi.

Jumatatu, 3 Novemba

Kifungu kimepita.

Naandikia bwenini, jua bado lipo, wenzangu wako nje wanapiga picha. Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa kabla sijasahau.

Tulikaa tangu asubuhi kwa taarifa moja baada ya nyingine. Baada ya chakula cha mchana mwenyekiti wa mkutano alisoma kifungu, akaeleza faida zake kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama ile saa. Nilikuwa nafikiri ni betri dhaifu, au mshale umejipinda unagusa kioo, na kwamba mtu akinipa ngazi na dakika tano naimaliza kazi. Kadi ilikuwa mapajani. Nikasikia makofi, nikapiga kama nilivyopiga siku mbili zote. Yalipotulia mwenyekiti akasema, "Kifungu kimepitishwa kwa kauli moja," akagonga meza, tukahamia ajenda nyingine.

Sikusikia alipouliza. Ndivyo ilivyokuwa. Sikusikia.

Jumanne, 4 Novemba

Njiani kurudi. Mfuga nyuki aliteremka kabla yangu. Hatukuongea.

Jumatano, 5 Novemba

Redio imetangaza mkutano umefana na maamuzi yote yamepita kwa kauli moja. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Kauli ya nani?"

Nikamweleza habari ya saa. Akasema aha.

Ijumaa, 7 Novemba

Shemeji alipita akitoka kazini, viatu vimeloa, sare ya kazi bado mwilini. Nilimwambia sikusikia. Nilimweleza jinsi ukumbi ulivyokuwa na kelele, jinsi mwenyekiti alivyopitisha jambo kijanja, na habari ya saa pia. Nilitegemea atakasirika. Badala yake alinipa pole. Alisema hao watu ni wajanja, wewe ungefanya nini peke yako, usijilaumu shemeji. Akanywa chai nusu kikombe, akaenda.

Pole yake sikuiomba, wala sikuikataa.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua kutwa. Sikufungua kibanda, wala sikutoka.

Jumanne, 11 Novemba

Tulikuwa tunakula chakula cha jioni. Nikaweka kijiko chini nikamwambia mke wangu ile saa ya chumbani imesimama, nikaiangalie. Nikaenda, kweli imesimama, nikaitia ufunguo, nikarudi kukaa.

Naye akaweka kijiko chake chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Miaka thelathini nimeishi na wewe. Saa ikinyamaza chumba cha pili unasikia. Mtu akizungumza kwenye vipaza sauti husikii?"

Akaendelea kula.

Jumatano, 12 Novemba

Nilisikia.

Sijafungua kibanda leo. Nimekaa na daftari hili tangu asubuhi, nimesoma nilichoandika tarehe tatu, na naona nilivyopanga maneno vizuri. Sasa niandike upya.

Nilikuwa natazama saa, hiyo ni kweli. Lakini mwenyekiti wa mkutano alisema hivi, neno kwa neno: "Ndugu wajumbe, kwa kuwa simwoni anayepinga, naomba tukipitishe kifungu hiki kwa makofi." Hakutaja kadi. Nilisikia kila neno. Nikajua hapo hapo kwamba si halali, na nikajua kwamba hiyo ndiyo nafasi yangu, hakuna nyingine itakayokuja. Kulikuwa na kimya kifupi, kama sekunde mbili. Kwa mtu wa kazi yangu sekunde mbili ni muda mrefu.

Kadi ilikuwa mkononi, si mapajani. Nilimtazama mfuga nyuki, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Viti vitatu mbele yangu alikaa Kesho. Aligeuka nyuma, akaniona, akatabasamu. Hakuwa na tabasamu baya. Lilikuwa la mtu anayekufahamu. Kofi la kwanza likapigwa mahali fulani mbele, kisha safu nzima, kisha ukumbi, na Kesho akaanza kupiga huku bado amenigeukia, na ile saa niliyoitengeneza inang'aa kwenye mkono wake.

Nikaiweka kadi mapajani ili mikono iwe huru. Niliiweka taratibu, kwa ulalo, isikunjike. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu aliyeshtukizwa haangalii kama kadi itakunjika.

Sikutishwa wala sikuhongwa. Niliona haya tu. Niliona haya kuwa mtu mmoja aliyekaa kimya katikati ya watu mia sita wanaopiga makofi, na haya hiyo ikawa kubwa kuliko watu arobaini na mmoja. Na shemeji nikamwambia sikusikia, naye akanipa pole.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwenyekiti wetu amekuja kibandani na katiba ya chama, kaitia kwenye mfuko wa unga isilowe. Amegundua kwamba tawi linaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini ikiwa kura haikuhesabiwa. Inatakiwa barua ya tawi na maelezo ya mjumbe yenye sahihi yake. Maelezo kanisaidia kuyaandika: "Mimi mjumbe nilibaki kimya na sikupiga makofi." Yamebaki kutiwa sahihi.

Nikamuuliza nani amemwambia sikupiga makofi. Akasema, "Si ulitumwa kukataa? Utapigaje?"

Alisema bila hila yoyote. Anaamini. Nikamwambia aniachie karatasi niisome vizuri.

Jumapili, 16 Novemba

Karatasi iko chini ya lenzi yangu, mezani. Ni sentensi moja fupi. Ningeitia sahihi jana, leo barua ingekuwa njiani, shemeji angekuwa na nafasi, na hakuna mtu angejua. Mkono uliopiga kofi katikati ya mikono mia sita nani ataukumbuka?

Nilimpigia simu mfuga nyuki. Alisema yeye ameshawaambia watu wake kwamba alipinga mpaka sauti ikamkauka. Wamemshukuru. Akaniomba nikifanya lolote nisimtaje. Nikamwambia sitamtaja, na simtaji hapa ila kwa kazi yake.

Nilipokata simu niligundua kitu. Yeye alitumwa kukataa, akapiga makofi. Mimi nilitumwa kukataa, nikapiga. Wako wangapi wengine?

Jumatano, 19 Novemba

Mvua imepungua. Nimemwambia mke wangu yote. Alisema alijua. Alisema pia niende nikamwambie mdogo wake kabla ya kikao. Nilifika mpaka kwenye lango la zahanati. Kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto, na yeye alikuwa anazunguka kati yao bila kupumzika. Nikajiambia ana kazi nyingi. Nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 22 Novemba

Kikao cha tawi. Tulikuwa watu hamsini.

Mwenyekiti aliniita nitoe taarifa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini niliposimama niliona afadhali nisome ukurasa wa tarehe kumi na mbili kama ulivyo. Nikausoma wote, mpaka kadi, mpaka haya. Nilipomaliza hakuna aliyekohoa. Nimezoea kimya cha saa iliyokufa. Kimya cha watu sijakizoea.

Shemeji alikuwa amekaa mstari wa pili. Alisimama. Hakuniita shemeji.

"Siku ile nimekuja kwako nimeloa," akasema, "ulikuwa unajua kwamba ulisikia?"

"Nilijua."

"Na mimi nikakupa pole."

"Ndiyo."

Akakaa. Mwanamume mmoja nyuma akauliza basi tulituma nini, mtu au mikono. Watu wakaguna. Mwenyekiti alikuwa ameshika ile karatasi yake, kasawijika, maana sasa haifai tena. Akasema rufaa imekufa, mjumbe mwenyewe kapiga makofi.

Hapo nikaomba kusema tena. Nikasema haijafa. Nikasema andikeni kweli: kwamba mjumbe wenu alitumwa kukataa, alikuwa na kadi mkononi, na alipiga makofi. Tuwaulize wakubwa, ikiwa hata huyu yumo ndani ya hiyo kauli moja, kauli hiyo imepima nini? Makofi hayajui nani kakubali na nani kaona haya. Kadi zingejua. Nikasema nitaweka sahihi yangu chini ya aibu yangu, na wakitaka kuibandika ukutani huko makao makuu waibandike.

Walibishana karibu saa nzima. Mwisho mama muuza mkaa akasema barua ya kweli ni bora kwa sababu hata wakituita tukahojiwe mmoja mmoja tutasema kitu kile kile. Hilo likawaingia. Mtu fulani akaanza kupiga makofi, kwa mazoea tu. Mwenyekiti akamnyamazisha, akasema inueni mikono. Katibu akahesabu mkono kwa mkono. Thelathini na saba wakakubali, tisa wakakataa, wanne hawakuinua popote. Nikaweka sahihi.

Ikabaki nani aipeleke barua, ajibu maswali huko. Yule mama akanitaja mimi. Alisema aliyeharibu ndiye akatengeneze. Wengine wakamtaja mwenyekiti. Basi tukasimama ukutani, mimi na yeye, ukuta ule ule, rangi imebanduka zaidi kwa unyevu. Nikasikiliza viatu. Safari hii vilikwenda upande wa pili, vingi, bila haraka, nikajua matokeo kabla ya hesabu. Sikuona uchungu nilioutegemea. Niliona ni sawa.

Katibu akatangaza thelathini na tisa kwa tisa, ndipo tukaruhusiwa kugeuka. Mtu wa kwanza nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, alikuwa shemeji.

Yeye akarekebisha mkoba begani.

"Nimesimama nyuma yako, shemeji," akasema. "Kukusamehe bado."

Nikamwambia nitasubiri.

Jumatatu, 24 Novemba

Mwenyekiti ameondoka na barua alfajiri. Mvua haikunyesha.

Ijumaa, 5 Desemba

Barua imepokelewa na kugongwa mhuri. Jibu hakuna. Shemeji amejaza fomu za kugombea hata hivyo, akaja kuandika saa ya kuzijaza kwa kutazama saa ya ukutani kwangu, eti ya zahanati inakwenda mbele. Sikumtania. Alipofika mlangoni akauliza kama nimekuwa bubu.

Jumamosi, 6 Desemba

Mjukuu wetu anafunga shule. Tulikaa uwanjani na wazazi, jua kali, ardhi imekauka kabisa. Mwalimu mkuu alisema jambo mbele, kipaza sauti kikakoroma, na watu wote wakaanza kupiga makofi. Mikono yangu ilikwisha inuka. Nikaishusha magotini, nikamuuliza mke wangu tunampigia nani na kwa lipi.

"Mjukuu wako," akasema. "Amekuwa wa pili kwa kusoma."

Nikapiga.